Mleta Chakula Aonje Kwanza

Nimestaafu. Sare nimezirudisha, funguo nimezikabidhi, na sasa ninalala mpaka jua linachungulia dirishani. Lakini mkono haujastaafu. Juzi jirani yangu kaniletea sahani ya bokoboko, nikajikuta naitazama kwa jicho la pembeni na vidole vinatafuta spoku ya kupekulia. Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Ndipo nikaona heri niyaandike haya kwa ajili yenu mnaobaki pale geti la gereza. Mliniaga vizuri, mkanipa doti za kanga na hotuba ndefu, ila hakuna hata mmoja aliyeniuliza kazi yenyewe hufanywaje.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vimo kwenye faili, atakaye akavisome huko, ingawa havisisimui.

Nilipotoka chuoni nilipangiwa getini, upande wa wageni, chini ya Sajini Zaina. Alikuwa Mdigo wa Duga, mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Mimi ni Mbondei wa Muheza, nimekulia kwenye nyumba ya Kikristo, najua kwata, najua kupiga saluti, na nilidhani najua Kiswahili mpaka siku hiyo niliposimama mbele ya akina mama wa mwambao wenye mabakuli. Buti zilinibana. Sajini Zaina akanitazama toka kofia hadi kisigino, akanipa spoku ya baiskeli.

Mnaijua spoku, lakini ile ilikuwa na heshima zake. Aliinyoosha mwenyewe, akainoa ncha, na upande wa kushikia akaufunga kwa kipande cha ndala. Kando yake kulikuwa na sufuria la maji ya moto, na kila baada ya bakuli moja spoku huoshwa. "Usimchanganyie mtu papa na biriani," alisema. "Yuko ndani, hana ulimi wa kulalamika." Kwa spoku hiyo tuliuchoma ugali, tuliupekua wali, tuliuchungulia mkate. Nimewahi kukuta tumbaku ndani ya andazi na wembe ndani ya samaki, lakini mara nyingi zaidi nimekuta iliki.

Kwa wasioijua kazi yetu, mahabusu ni mtu ambaye kesi yake haijakwisha, na huyo huruhusiwa kuletewa chakula na watu wake. Akishahukumiwa, basi, anakula cha gerezani. Na chakula cha mahabusu kina sheria moja kubwa: mleta chakula aonje kwanza, mbele ya askari, ndipo kiingie. Sababu mnaijua. Kuna wenye visa vyao nje, na hatutaki mtu afe kwa mchuzi.

Siku yangu ya kwanza alikuja bwana mmoja na changu wa kukaanga, kamletea nduguye. Nikamwambia, "Onja." Akaonja. Akanyofoa ubavu wa kwanza, akaonja. Akaugeuza upande wa pili, akaonja. Mimi nimesimama kikakamavu, nikidhani ndiyo sheria inavyotekelezwa. Sajini Zaina alipogeuka, samaki amebaki kichwa na mfupa.

"We bwana, ndiyo kuonja huko?"

"Ndugu yangu anapenda kichwa, afande," akajibu, wala hakutahayari.

Sajini hakumgombeza. Alimpa kikombe cha uji wetu wa askari, akamwambia aje tena akishashiba. Kisha akaniambia, "Mwenye njaa usimwambie aonje. Mpe maji kwanza, umuulize ametoka wapi." Nimeifuata hiyo mpaka nastaafu, na msiiache.

Alikuwako na mwingine, mzee wa makamo, kaleta mchuzi wa nyumba yake kwa mtoto wa kaka yake. Kuonja akakataa kabisa. Tukaingiwa na shaka, tukamweka kando. Mwisho akanong'ona, "Afande, chakula cha mke wangu nakila kila siku nyumbani. Hata huku nikija?" Tulimwonjesha kwa nguvu. Alikuwa na haki yake, chumvi ilizidi mno.

Jambo jingine alilonifundisha Sajini Zaina ni hili: "Mkono upekue, uso usipekue." Mama anayekuja gerezani amekwisha kupekuliwa na mtaa mzima kabla hajafika kwako. Amepita dukani wakanyamaza, amepita kisimani wakanyamaza. Akifika getini akakuta na wewe umemkunjia uso, hatarudi. Na asiporudi, yule aliyeko ndani anaharibika mikononi mwetu sisi, si mikononi mwa wale wa dukani.

Maana nimewaona. Mwezi wa kwanza wanakuja ukoo mzima, na shangazi wa mbali, na rafiki wa mpira, wamebeba matunda kama wanakwenda kumtazama mzazi. Mwezi wa tatu wanakuja wawili. Baadaye anakuja mama peke yake, na kandambili zake. Asiyekuwapo na lake halipo, wahenga walikwisha kusema. Basi ndugu wakiniuliza wafanye nini, nilikuwa nawaambia: njooni kidogo kidogo, lakini msikatike. Leteni sabuni. Leteni habari za kawaida, nani kaoa, mbuzi gani kazaa. Msiwaahidi dhamana msiyoiweza. Na msiwafiche misiba. Hili la misiba watu wa pwani ni wagumu kulielewa. Mtu akiwa ndani, nyumbani hufiwa wakakaa kimya, ati asije akaumia moyo. Matokeo yake ni kwamba kila mahabusu anaishi akishuku kwamba kuna mtu amekufa na hajaambiwa. Mkumbuke hilo, tutalirudia.

Sasa niwaeleze habari za Bi Mwanahawa wa Mwera, maana mkiisahau spoku, hii msiisahau.

Ilikuwa miaka yangu ya mwisho mwisho, Sajini Zaina amekwisha kustaafu na kaniachia kazi yake yote. Bi Mwanahawa alikuwa mwembamba, baibui limechujuka, anavuka na kivuko mpaka Pangani mjini, kisha anapanda basi kuja Tanga. Hakuweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kwa hiyo alikuwa akilala kwa mpwa wake, mtaa wa Mabawa. Mwanawe, Rajabu, alikuwa mahabusu kwa kumkata mtu panga mkononi. Na mtu mwenyewe si mwingine, ni Salimu, mtoto wa dada yake Bi Mwanahawa, tumbo moja na ziwa moja. Waligombania mpaka wa minazi waliyoachiwa na babu yao. Minazi yenyewe, nilisikia baadaye, mizee, haizai vya kutosha hata mchuzi wa sikukuu.

Siku ya kwanza alikuja na mkate wa kumimina, ule wa unga wa mchele na tui, uliopaliliwa makaa juu na chini. Nikatuma mtu amwite Rajabu aje dirishani kuongea na mama yake. Jibu likarudi: haji. Mama arudi nyumbani, asimwone.

Nilimweleza kwa upole nilivyoweza. Akaitikia kwa kichwa.

"Chakula je, atakipokea?"

"Chakula atakipokea, mama. Onja kwanza."

Watu wote wakionja mkate humega ukingoni, ndiyo njia ya mkono. Bi Mwanahawa akaingiza vidole katikati kabisa, akanyofoa tonge, akatia kinywani. Mkate ukabaki na tundu kama kinu.

"Mama, mbona unautoboa mkate wa watu?"

"Ukingo una mwenyewe," akasema. 

Akangoja kwenye benchi mpaka askari wa ndani akarudisha sahani.

"Kala?"

"Kala."

"Wote?"

"Wote, mama."

"Basi nitakuja tena inshallah."

Na akaja. Kila siku ya wageni aliyoweza, mvua au jua, mkate wa kumimina na tundu lake katikati. Kila mara nikamwita Rajabu, kila mara akakataa. Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua, na siku moja nilimfuata huko ndani nikamwambia, "Wewe kijana, mama yako anavuka mto kwa ajili yako, nawe unakaa huku umekunja miguu kama bwana harusi?" Akainamisha kichwa. "Afande, nimemwaga damu ya dada yake. Hawasemezani tena kwa ajili yangu. Nitamtazama kwa macho gani?" Nikatoka. Hasira iliniishia mlangoni, nikabaki na huzuni tu.

Kwa kweli dada mtu, Bi Siti, alikuwa amekata mguu kabisa. Nyumba zao zinatazamana, kisima kimoja, njia moja ya kwenda shamba, na hapana hujambo wala sijambo. Bi Mwanahawa aliniambia mwenyewe, siku nilipompa kiti akapumzika. Wenye busara husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nilikuwa nimeanza kudhani hawa watalima wao wenyewe na kapu litaoza.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani.

Ramadhani getini ni kazi yenye mitihani yake. Chakula kinaletwa alasiri ili mahabusu wapate kufuturu, na waleta chakula karibu wote wamefunga. Sasa utamwambiaje mtu aliyefunga, "Onja kwanza"? Wanaopika majumbani huonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini mtu anayetema chakula mbele ya askari hajaonja kitu kwa sheria yetu. Na ukisema aonje yule asiyefunga, utakuwa umewauliza akina mama jambo lisiloulizwa mbele za watu. Tangu enzi za Sajini Zaina mkuu wa gereza alikubali kwamba mwezi huo aonje askari asiyefunga, mbele ya macho ya mwenye chakula. Nani asiyefunga pale? Mimi, Mbondei wa kanisani. Tukatundika pazia pembeni ya geti, nusu wazi, maana kula hadharani mbele ya waliofunga ni utovu wa adabu, na mleta chakula akachungulia wakati mimi natafuna. Kila Ramadhani nilinenepa kuliko Krismasi.

Wanawake walinifanya ndio ulimi wao. "Afande, chumvi imekubali?" "Sukari je, haijazidi?" Mmoja alinituma niseme ukweli wa tambi zake kwa sababu wifi yake alikuwa amesimama hapo hapo. Nilisema ukweli. Wifi akafurahi sana.

Basi akaja Bi Mwanahawa, midomo imekauka kwa saumu na safari. Nikampa shikamoo, akanipa marahaba, akanikabidhi mkate. Nilikuwa na foleni ndefu, sahani kumi zinanitazama. Nikauchukua mkate nyuma ya pazia, nikamega ukingoni kama mtu yeyote, nikatafuna. Ulikuwa mtamu, ukingo umekauka vizuri na una harufu ya moshi wa kifuu. Nikasema, "Mashallah, mama, umeiva." Akacheka kidogo, akasema salamu kwa Rajabu kama kawaida, akaenda zake Mabawa akafuturu kwa mpwa wake. Mimi nikamaliza zamu nikaenda nyumbani.

Asubuhi nilipofika, koplo aliyekuwa ndani alinipokea getini.

"Afande, yule wa Mwera jana hakufuturu."

"Kwa nini?"

"Alifunua sahani, akautazama mkate, akaanza kulia. Anauliza mama yake amekufa lini."

Sikuelewa. Nikaenda mwenyewe. Nilimkuta kakaa chini, mgongo ukutani, macho mekundu, na ule mkate upo pembeni yake umefunikwa kitambaa, haujaguswa.

"Rajabu, nani kakwambia mama yako kafa?"

"Hakuna anayeniambia, ndiyo maana najua. Kwetu mtu akiwa ndani hapewi msiba." Akafunua kitambaa. "Tazama, afande. Aliyeonja kamega ukingo. Mama hali ukingo. Tangu tukiwa wadogo, mimi na Salimu tulikuwa tunapigana kwa ajili ya ukingo wa mkate, akatukatia nusu kwa nusu, yeye na mama mkubwa, mama yake Salimu, wakala katikati. Kila nikiletewa sahani natazama tundu. Nikiliona najua mama yu hai na amefika. Jana kaleta mtu mwingine. Semeni tu."

 Miezi yote ile nilidhani kijana huyu kamkatia mama yake mawasiliano, kumbe walikuwa wanaongea kila juma, na barua yao ilikuwa tundu la mkate mbele ya pua yangu.

"Mimi ndiye niliyeonja," nikamwambia. "Mama yako amefunga. Hii Ramadhani."

Akanitazama kama mtu anayesikiliza muuza dawa. "Afande, wewe mtu mwema. Utasema lolote nile."

Nikaona hapa maneno hayatoshi. Nikaenda kwa mkuu wa gereza, nikamweleza kisa cha ukingo na tundu tangu mwanzo, naye akanitazama muda mrefu akidhani labda jua limenipiga. Lakini alikuwa mtu wa watu. Akaruhusu waonane asubuhi ile ile ingawa haikuwa siku ya wageni, mradi nimlete mwenyewe. Nikachukua pikipiki mpaka Mabawa.

Hapo nikafanya kosa ambalo askari yeyote angelifanya: nilikwenda na sare. Nikabisha hodi. Bi Mwanahawa ndiye aliyefungua, kanga begani, anajiandaa kurudi kwao. Aliponiona, alishika mlango kwa mikono miwili.

"Rajabu!" akapiga ukelele. "Mmeniulia Rajabu wangu!"

Mpwa wake akatoka mbio, majirani wakatoka, mwanamke mmoja akaanza kulia kabla hajajua analilia nini. Nilipiga kelele kuwashinda wote: "Mzima! Rajabu mzima! Anadhani wewe ndiye uliyekufa!"

Bi Mwanahawa akasema, "Mimi? Nani kanizulia?"

"Mimi," nikasema. "Nimekula ukingo wake."

Sijui kama alicheka au alilia, vyote vilikuja pamoja. Alivaa baibui kinyume, mshono nje, na hakuna aliyemwambia mpaka tumefika.

Rajabu aliletwa dirishani. Nimesimama kwenye dirisha lile miaka mingi na nimewaona wengi, lakini sijawahi kuona mtu anatazama hivyo. Alimtazama mama yake vidole, akamtazama shingo, kama anamhesabia viungo.

"Mama."

"Labeka, mwanangu."

"U mzima?"

"Mi mzima, alhamdulillahi. Njaa ya saumu tu, na huyu afande wako kanipasua moyo asubuhi asubuhi." Akausogelea wavu. "Umekonda, Rajabu. Mikate yangu waipeleka wapi?"

Akacheka yule kijana, kisha uso ukamvunjika. "Nisamehe, mama. Nilikuwa naona aibu."

"Aibu naijua. Nimekuja nayo kwenye kivuko kila mara, wala haikunizuia kupanda." Ndivyo alivyomjibu, nami sikuongeza wala kupunguza.

Rajabu akamuuliza hali ya Salimu. Mkono umepona, akaambiwa, ingawa vidole viwili havikunji sawasawa.  Kisha akasema, "Mwambie mama mkubwa naomba radhi. Na Salimu. Sisemi ili wafute kesi. Kesi na iende. Mimi nataka radhi tu."

"Hatusemezani, mwanangu."

"Basi nyamaza naye, lakini umfikishie."

Niliangalia pembeni. Nina macho mepesi kwa umri huu, na sare haipendezi kulia.

Tangu siku hiyo Rajabu akawa anakuja dirishani. Na mimi Ramadhani yote nikawa nautoboa mkate wa Bi Mwanahawa katikati, kwa adabu, kama nilivyofundishwa. Idi ikapita. Aliporudi baada ya sikukuu alinisimulia mwenyewe. Kwao siku ya Idi sahani za vyakula huvuka njia, nyumba hii kwenda ile, na mwaka ule baina ya nyumba zile mbili hakuna aliyetarajia sahani. Bi Mwanahawa akapika, akafunika kawa, akavuka njia watu wakimtazama. Akamkuta dada yake kibarazani. Akasema kama alivyotumwa: "Rajabu aomba radhi kwako na kwa Salimu."  Bi Siti alichukua sahani akaingia nayo ndani. Hakuirudisha siku hiyo wala ya pili.

"Ni vizuri au vibaya?" nikamuuliza.

"Sijui, mwanangu. Sahani yangu nzuri ile."

Jibu lilikuja getini kwangu. Siku ya wageni moja nawaona wawili wanakuja: Bi Mwanahawa, na mbele yake mama mmoja mnene, mrefu, mwenye uso wa kuwatisha hata maofisa. Hawakuwa wakizungumza. Bi Mwanahawa alibeba mkate kwenye sahani iliyorudi. Walipofika kwenye meza yangu, nikauchoma mkate kwa spoku, nikasema kama nilivyosema maisha yangu yote, "Mleta chakula aonje kwanza."

Bi Mwanahawa akanyoosha mkono. Yule mwingine akamshika kiganja, akamrudisha nyuma.

"Naonja mimi," akasema.

Wenzangu, mnajua nilichokifikiria. Kwa ile sahani nilimtambua, huyu ni Bi Siti, mama wa aliyekatwa, na kule kwao mtu mliyekosana naye huli chakula chake hata ukifa njaa. Bi Mwanahawa alikuwa amesimama kama mtu aliyesikia kishindo ndani ya nyumba yake. Bi Siti akaingiza vidole katikati ya mkate, akanyofoa tonge kubwa, akatafuna polepole, akameza.

"Ukingo muachieni," akaniambia kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye mwizi. "Wa kwake huyo. Nimemlea mimi."

Kisha akaketi kwenye benchi, akajifuta macho kwa ncha ya ushungi, na Bi Mwanahawa akaketi pembeni yake. Walikaa hivyo mpaka sahani iliporudi tupu.

Mambo ya mahakama yalikwenda kwa njia yake. Salimu alisema mbele ya hakimu kwamba amesamehe, lakini jeraha ni jeraha, na Rajabu mwenyewe alikiri. Alipewa kifungo, si kirefu. Hapo mkate ukakoma, maana mfungwa haletewi chakula, na Bi Mwanahawa akaja mikono mitupu akahangaika nayo, hajui aiweke wapi. Nilimwambia alete sabuni na maneno. Akaja nayo, mara yeye, mara Bi Siti, mara wote wawili wakigombana njiani juu ya nauli kama dada wa kawaida. Salimu hakuja hata mara moja, nasi hatukumsema.

Rajabu alitoka mwaka wangu wa mwisho kazini. Nilimfungulia mlango mdogo wa geti mwenyewe. Nje walikuwa wamemngoja akina mama wawili, na mkate wa kumimina kwenye ile sahani iliyovuka njia. Mbali kidogo, upande wa pili wa barabara, alisimama kijana mmoja na mkono ameuficha mfukoni. Nilimjua kabla hajatajwa. Amekuja, lakini miguu haikumvusha.

Rajabu akakumbatiana na mama yake, akambusu mama mkubwa mkono. Wakampa mkate. Akautazama wote mzima, hauna tundu wala kumegwa. Akaumega ukingo, akauzungusha wote mpaka ukatoka kama pete, akavuka barabara nao.  Mkono wangu ulikuwa kwenye kofuli na sikufunga.

Akamnyooshea Salimu nusu. Salimu akautazama ule mkate, akamtazama Rajabu. Akatoa mkono mfukoni, wenye kovu, vidole viwili vimenyooka.

"Onja kwanza," akasema.

Rajabu akauma, akatafuna, akameza. Ndipo Salimu akauchukua, akala.